Kijiji cha watu mia sita India, kwenye kitabu cha sensa kina basi, mbona watu wanatembea? Naomba kueleweshwa

BintiNyasa

Habari za saa hizi wakuu. Mi niko Pune, India, nasoma masta ya mipango ya maendeleo vijijini, mwaka wa pili huu. Muhula huu tumegawiwa vijiji, wanafunzi watano kijiji kimoja, tunatakiwa tuandike hali ya watu na usafiri, yaani wako wangapi, wanaishi upande gani na wanafikaje sokoni, shule na hospitali. Sisi tumepewa kijiji kidogo huko milimani, taluka ya Ambegaon, taluka ni sehemu ya wilaya, makao yake ni mji wa Ghodegaon. Jina la kijiji sitalitaja, watu wenyewe ni wachache, ukitaja jina ni kama umewataja wote.

Sasa shida yangu iko hivi. Kabla hatujaenda tulipewa kopi ya kitabu cha sensa ya 2011, kile cha wilaya ambacho kila kijiji kina mstari wake. Mstari wa kijiji chetu unasema watu mia sita na kitu, huduma ya basi la umma ipo, barabara ya lami ipo. Nikasema moyoni hapa hamna kazi kubwa, tukahesabu siku tatu tukapanda gari.

Tumefika. Basi lipo kweli, lile jekundu la shirika la usafiri la jimbo, wenyeji wanaliita yeshti. Linapanda jioni, linalala palepale kijijini, dereva na konda wanajitandikia kwenye kibaraza cha hekalu, asubuhi saa 12 na nusu linashuka Ghodegaon. Wanaliita gari la mukkami, maana yake gari linalolala. Kuna lingine la mchana ila kwa siku tatu tulizokaa lilikuja siku moja tu. Na hilo basi linaishia kwenye kitongoji kikubwa chenye hekalu na shule. Kuna vitongoji vingine vitatu, kule wanaviita vadi, kimoja kiko ng'ambo ya kijito, nyumba kama ishirini, kufika ni miguu tu, sisi tulitumia saa nzima na dakika kumi na tunajiona tuna nguvu.

Kwenye kijito tukakutana na bibi mmoja, kule bibi anaitwa aji, anavuka peku, ndala kazishika mkononi, kichwani ana kifuko cha hirda, ni matunda ya mwituni wanayakausha wanauza kwa watengeneza dawa za asili. Rafiki yangu anayejua Kimarathi akamuuliza mbona usivae ndala aji, mawe yanachoma. Akasema ndala ikikatika hapa kununua nyingine ni siku nzima, kushuka na basi la asubuhi na kurudi na la jioni, bora mguu uumie. Tukamuuliza habari ya barabara akasema waliahidiwa tangu binti yake hajaolewa, saa hii binti ana watoto watatu, na kila wakiuliza wanaambiwa hamfiki idadi.

Hilo neno ndio limenileta hapa. Idadi gani hiyo? Kama kijiji ni watu mia sita na wameandikwa wana basi na lami, hawa wa ng'ambo wako kwenye hesabu ya nani? Na kingine, mchana pale ni wazee, wanawake na watoto, wanaume wa miaka 20 mpaka 40 utawatafuta kwa tochi, ila kwenye kitabu wanaume na wanawake wanakaribiana. Supavaiza wangu anasema nitumie data za kitabu kwa sababu ndizo rasmi. Mi roho inakataa. Mwenye uelewa naomba anisaidie, natakiwa kuwasilisha baada ya wiki tatu.

Takwimu_Dom

Mkuu BintiNyasa hongera kwa kwenda mwenyewe mpaka kwenye kijito, wengi wanaandika ripoti wakiwa hosteli.

Nimefanya kazi na data za sensa miaka mingi, na za India nimezisoma kwa ajili ya kulinganisha. Jambo la kwanza kabisa ambalo linawachanganya watu: kile kinachoitwa kijiji kwenye sensa ya India ni kijiji cha kodi ya ardhi. Ni mipaka iliyopimwa na watu wa mapato toka enzi za mkoloni, ina ramani na namba ya kila kiwanja. Ndani ya mipaka hiyo kunaweza kuwa na kitongoji kimoja au kumi, na kunaweza kusiwe na mtu hata mmoja, ndio maana sensa ya 2011 ilikuta vijiji zaidi ya laki 6 na elfu 40 lakini vyenye watu ni kama laki 5 na elfu 97. Sasa basi likifika sehemu yoyote ndani ya mipaka ile, kijiji chote kinaandikwa NDIO. Hao wa ng'ambo ya kijito wamepata basi kwenye karatasi kwa sababu wenzao wa kwenye hekalu wamepata basi la kweli.

Pia zingatia ile safu ya basi kwenye kitabu ni ndio au hapana tu. Penye hapana wanaweka herufi, a ni chini ya kilomita 5, b ni kilomita 5 mpaka 10, c ni zaidi ya 10. Haikwambii basi linakuja mara ngapi kwa siku, wala njiani kuna kijito. Na sensa yenyewe watu walihesabiwa tarehe 9 mpaka 28 Februari 2011, na Februari kule ni kiangazi, mvua za huko ni Juni mpaka Septemba. We nenda ukasimame kwenye hicho kijito mwezi wa saba halafu uniambie kama hiyo ndio ni ndio.

Kuhusu wanaume, wanahesabu mtu mahali alipokaa kipindi kile cha kuhesabu. Kijana aliyekuwa Pune Februari yote kahesabiwa Pune. Ila waliozoea kurudi kulima mpunga wakati wa mvua wao kwa mwaka wanaishi sehemu mbili na kitabu kina sehemu moja. Angalia wilaya ya Ratnagiri, jimbo hilohilo la Maharashtra, wanaume wake wengi wamekuwa wanaenda Mumbai toka zamani, 2011 ilikuwa na wanawake zaidi ya 1,100 kwa kila wanaume 1,000 wakati jimbo zima ni 929. Sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni usafiri, watu wamepanda gari wakaondoka.

Kwa hiyo kama kwenye kijiji chenu 2011 walikaribiana na leo vijana hawapo, basi ujue wameondoka baada ya hapo, na hakuna kitabu kinachojua. Sensa ya 2021 haikufanyika sababu ya korona. Iliyotangazwa ni ya 2027, tarehe ya rejea ni 1 Machi 2027. Kila mpango unaosema idadi ya watu India saa hii unaongea habari za watu wa miaka mingi nyuma.

Supavaiza wako hajakosea kusema hizo ndizo rasmi. Ziweke. Alafu pembeni weka za kwako, kitongoji kwa kitongoji.

FundiBarabara

Naungana na Takwimu_Dom, ila ngoja nijibu hilo la HAMFIKI IDADI maana ndio fani yangu.

India wana mpango mkubwa wa barabara za vijijini unaitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulianza tarehe 25 Desemba 2000, waziri mkuu akiwa Vajpayee. Kabla ya hapo kila mbunge alikuwa anavuta barabara kwake. Huu mpango ukaja na kanuni moja rahisi, barabara inapelekwa kwa idadi ya watu. Sehemu za tambarare kuanzia watu 500, sehemu za milima, jangwa na maeneo ya makabila kuanzia watu 250. Walianza na wenye 1,000 na zaidi kwanza. Kwa uzuri wake, kanuni hiyo iliondoa upendeleo mwingi. Kwa ubaya wake, ukiwa na watu 240 wewe unaonekana haupo.

Sasa sikiliza vizuri dada. Mpango huo HAUHESABU kijiji cha kodi. Unahesabu makazi, yaani kundi la nyumba, iwe vadi, tola, dhani, jina lolote wanaloliita. Kwa hiyo wale wa ng'ambo ya kijito wanahesabiwa peke yao, nyumba ishirini sijui ni watu mia moja hivi, hawafiki 500 wala 250. Kwenye sensa wamemezwa na kijiji, kwenye barabara wametengwa na kijiji. Wameumia pande zote mbili.

Lakini kuna vifungu viwili uvifuatilie kabla hujaondoka huko:

Kwanza Ambegaon. Sehemu ya taluka hiyo na ya taluka jirani ya Junnar zimo kwenye orodha ya maeneo ya makabila yaliyotangazwa kwa katiba ya India, watu wa hapo wengi ni wa kabila la Mahadeo Koli. Kama kijiji chenu kimo kwenye orodha basi kipimo chao ni 250 sio 500. Uliza ofisini, usikisie.

Pili wana ruhusa ya kuunganisha. Makazi yaliyo ndani ya mita 500 kutoka moja hadi jingine yanaweza kujumlishwa watu wake yakawa hesabu moja. Kwa milimani ni kilomita 1.5 ya njia. Umesema kuna vitongoji vitatu nje ya kile kikubwa. Vinapakana vipi? Je kuna kitongoji cha kijiji jirani kiko karibu zaidi na hicho cha ng'ambo kuliko hekalu? Mara nyingi sana watu wanasahau kujumlisha kuvuka mpaka, kila kijiji kinahesabu chake.

Na sasa hivi ndio muda wake. Septemba 2024 walipitisha awamu ya nne ya mpango, makazi 25,000, kilomita 62,500 mpaka mwaka wa fedha 2028/29, na idadi inayotumika ni ya sensa ya 2011. Hiyohiyo ya kwenye kopi yako.

Mzee wa Hoja

Nimesoma yote. Niseme la kwangu na msinichukie.

Kijiji kina watu mia sita, kitongoji nyumba ishirini, na vijana wameshaondoka wenyewe. Lami ya milimani ni ghali, daraja ndio usiseme, alafu mvua ya msimu mmoja inabomoa. Ni sahihi kweli nchi ya watu bilioni 1 na milioni 210 kwa sensa ya 2011 iwapelekee wazee arobaini barabara? Kuna utafiti wa wachumi Asher na Novosad wa 2020, walilinganisha vijiji vya India vilivyovuka kidogo ile mipaka ya idadi na vilivyoikosa kidogo. Walikuta barabara inawatoa watu kwenye kilimo kwenda vibarua vya nje, lakini mavuno, kipato na mali za kijijini havikubadilika sana. Kwa hiyo barabara inawasaidia kuondoka. Kwa nini wasisaidiwe kuhamia karibu na hekalu?

nesi_tukuyu

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako naiheshimu ila mi ni mkunga na naomba nikuoneshe upande wa kitandani.

Mjamzito akishikwa uchungu saa nane usiku kule ng'ambo ya kijito, utafiti wa mavuno unamsaidia nini? India wanapiga 108, gari la wagonjwa, huduma hiyo ilianzia Hyderabad 2005 na imeenea majimbo mengi, ni nzuri kweli. Lakini 108 inasimama lami inapoishia. Kutoka pale mgonjwa anafungwa kwenye shuka au kiti, mti unapita katikati, wanaume wawili mbele na nyuma, wanaita doli. Na dada katuambia vijana hawapo. Nani anabeba doli?

BintiNyasa tafuta mama anayeitwa ASHA, ni kama wahudumu wetu wa afya ya jamii, kila watu 1,000 hivi wanakuwa na mmoja, ni mwanamke wa palepale. Huyo ana daftari. Anajua nani mjamzito, nani ana kifua kikuu, mtoto gani hajachanjwa, nyumba kwa nyumba. Daftari lake ni jipya kuliko kitabu chochote mnachobishania hapa. Kaa naye jikoni usimhoji barazani mbele ya wanaume.

Na hata vituo vya afya kule vinakwenda kwa vichwa, kituo kidogo kabisa ni watu 5,000 tambarare na 3,000 milimani au kwa makabila, kituo kinachofuata 30,000 au 20,000. Wamepunguza kwa milimani ndio, lakini watu 3,000 waliotawanyika kwenye milima ni mwendo wa siku nzima kwa muuguzi mmoja. Mi nimefanya kazi mlimani Rungwe, naijua hiyo siku.

Kwenye ripoti yako usiandike kilomita. Andika dakika, za mchana na za usiku, za kiangazi na za mvua, na andika ni za mtu mzima mwenye afya au za mama wa miezi tisa. Sisi wodini tunapokea mama, kilomita hatuzipokei.

Mvita Kwetu

Asalaam aleykum jamani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mababu zangu ni watu wa Kutch, jimbo la Gujarat huko India. Nimeona huu uzi nikasema lazima niandike kwa sababu kijiji chetu ni kinyume kabisa na cha huyo dada.

Karibu na mji wa Bhuj kuna vijiji kama Madhapar, Baladia, Sukhpar, ambavyo nusu ya ukoo wao wako Nairobi, Mombasa, London. Chetu ni kimojawapo cha huko. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka 19 na baba. Barabara safi mpaka mlangoni, benki zimepangana, na nyumba za ghorofa zina makufuli makubwa ya shaba, vumbi juu ya kufuli. Jirani mmoja mzee anashika funguo za nyumba saba, kila Jumatatu anazunguka anafungua madirisha upepo uingie kisha anafunga. Ukihesabu watu waliolala kijijini usiku ule ni wachache, ukihesabu wanaosema hapa ndipo kwetu, ni maelfu.

Babu yangu alitoka pale na gari la ng'ombe mpaka bandari ya Mandvi, akapanda jahazi la msimu hadi Mombasa. Bibi alikuwa akisema zamani zile njia ya Mombasa waliijua zaidi kuliko njia ya Ahmedabad, jiji kubwa la Gujarat, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeipita ya kwanza na hapana aliyepita ya pili. Baadaye zikaja chakda, mbele pikipiki ya Enfield, nyuma wameunga tela la magurudumu mawili, zinabeba watu kumi na mbili na mbuzi. Leo hizo nazo zinapungua, vijana wana pikipiki zao, za kampuni ileile ya Pune ambayo pikipiki zake bodaboda wetu wanaendesha, na bajaji ninayopanda hapa Mombasa kwenda Kongowea jina lake limetoka kwenye kampuni hiyohiyo.

Nakwambia haya kwa sababu moja. Kijiji chetu hakikupata barabara kwa sababu ya idadi. Kilipata kwa sababu walioondoka walikuwa na fedha na baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 walirudi wakajenga upya. Wa kwako walioondoka wamekwenda kufanya vibarua Pune, hawana fedha ya kujenga barabara, lakini nao wana kura na wana sauti. Usiwaandike kama watu waliopotea. Uliza kila nyumba nani yuko wapi, anarudi lini, sikukuu ya Ganpati, ya Diwali, au msimu wa kupanda mpunga. Siku hizo ndio basi lile la jioni hujaa mpaka mlangoni. Hesabu siku hizo pia.

FundiBarabara

Mzee wa Hoja, huo utafiti naufahamu na umeueleza vizuri, ila tusiusome nusu. Mtu aliyekuwa hana namna isipokuwa shamba lake la mawe na sasa anashuka asubuhi kufanya kibarua cha ujenzi na jioni anarudi kulala kwa mkewe, huyo hajaondoka, kapata njia ya kubaki. Kuwatoa kwenye kilimo na kuwatoa kijijini ni vitu viwili.

Pia usafiri si lazima uwe lami. Jimbo la Bihar 2006 walianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari, darasa la tisa, hela ya kununua baiskeli. Baiskeli tu. Wachumi Muralidharan na Prakash walipopima walikuta wasichana walioandikishwa sekondari wameongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40, na faida kubwa ilikuwa kwenye vijiji vilivyo mbali na shule. Njia ya kukanyaga ya upana wa mita moja na nusu na kidaraja cha miguu kwenye hicho kijito haigharimu hata kipande cha kilomita moja ya lami. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa kufikiria greda kwanza.

Mzee wa Hoja

Marahaba nesi. Hilo la doli sikuwa nimeliwaza, nimelipokea. Kidaraja cha miguu nakiunga mkono. Lakini basi kulala kijijini kila siku kwa abiria wachache bado naliona ni hasara kwa shirika.

BintiNyasa

Jamani nimesoma kila neno, kuna mengine nimeyasoma mara tatu. Nilikaa kimya kwa sababu tulirudi kijijini mwisho wa wiki iliyopita.

Mzee wangu, kuhusu basi la abiria wachache nikueleze kitu ambacho wenzangu hapa Pune wamenieleza na watu wote wa Ambegaon wanakijua. Taluka hiihii kuna kijiji kinaitwa Malin. Tarehe 30 Julai 2014 alfajiri, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka ukafunika nyumba zaidi ya 40, walikufa watu zaidi ya 150. Simu hazikuita, jirani hakuna aliyejua. Aliyegundua ni dereva wa basi la yeshti, alifika na gari lake kama siku zote akaona pale penye kijiji pana matope, akageuza kwenda kutoa taarifa. Basi lilikuwa la abiria wachache pia. Mi toka niambiwe hivo nikiliona lile jekundu linapanda kona jioni nasimama.

Sasa mrejesho. Nilifanya alivyosema nesi, mama ASHA alinikaribisha jikoni kwake, anapika mkate wa mtama, huku anageuza kwa kidole huku daftari liko magotini. Nikamwita mavshi, ndio mama mdogo kwao. (Kimarathi kinanichanganya, dada kwao ni kaka mkubwa na kaka ni baba mdogo, konda nilimwita dada kwa heshima akafurahi.) Tukapitia nyumba zote. Kijiji kizima watu kwenye daftari lake ni pungufu kidogo ya kitabu cha 2011. Ila kilichonishtua ni mgawanyo. Kitongoji cha hekalu kimepungua, cha ng'ambo ya kijito hakijapungua, kimeongezeka, kwa sababu wanawake wa kule wana watoto wadogo na waume wako Pune. Yaani sehemu isiyo na njia ndio ina watoto wengi.

Na la Mvita Kwetu nimelifuata, kwenye kila nyumba tumeandika aliyeko, aliyeko nje anayerudi, na aliyehama kabisa. Aji yule wa ndala tulimkuta kwake. Tulipomwambia kuna sensa mpya inakuja na kuhesabu watu ni Februari, aliuliza swali moja, je mwanangu aliyeko Pune nitamwandikisha mimi au ataandikwa kule? Tukamwambia kule, kama atakuwa kule kipindi chote. Akanyamaza, alafu akasema basi nitamwambia aje Februari. Sikujua nimjibu nini, maana kanuni ya barabara hiyo ndio imemfundisha afikiri hivo.

FundiBarabara, orodha ya maeneo ya makabila nimeulizia kwa talathi, yule ofisa wa ardhi wa vijiji, kijiji kimo. Kwa hiyo ni 250. Na kweli upande wa pili wa mgongo wa mlima kuna kitongoji cha kijiji jirani, wanaenda kisima kimoja na hawa wetu. Hakuna aliyewahi kujumlisha. Mwenyekiti wa kijiji, sarpanch, ni mwanamama, amesema tukimpa karatasi iliyokamilika ataipeleka kwenye mkutano wa kijiji wa tarehe 2 Oktoba na atazungumza na mwenzake wa jirani. Hakuahidi zaidi ya hapo na mi sikumlazimisha.

Supavaiza kakubali niweke jedwali mbili, la kitabu na la miguu.

Kimebaki kitu kimoja kinanitatiza. Huo umbali wa kilomita 1.5 kati ya kitongoji na kitongoji, nikipima kwa simu napima mstari ulionyooka juu ya ramani au njia yenyewe inavyozunguka? Kwa mstari ni kama kilomita moja, kwa njia sijapima bado. Na tunaanzia wapi, katikati ya kitongoji au wapi?

FundiBarabara

Kazi nzuri sana hii. Milimani ni njia inavyotembewa, sio mstari wa ramani. Washa simu irekodi, tembea mwendo wa kawaida, usikate kona, na uende na mtu wa pale akupitishe njia wanayopita na mizigo, sio ya mbuzi. Anzia nyumba ya mwisho ya kitongoji chenu iliyo upande wa mlima, malizia nyumba ya kwanza ya wenzao, alafu rudia kuanzia katikati hadi katikati, uwe na namba zote mbili mkononi, mhandisi wa wilaya atakuambia anachukua ipi. Ikizidi 1.5 kidogo usifiche, andika hivohivo. Na piga picha ya kijito kikiwa na maji, na mtu mzima amesimama ndani ionekane yamefika wapi mguuni.

BintiNyasa

Sawa mkuu. Jumamosi napanda na gari la jioni, nalala kwa mavshi, Jumapili asubuhi tunapima. Mvua bado inanyesha kule, picha itapatikana.